Vespa Kuukuu na Somo Nililolikosa Darasani

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga, nami sina shaka kwamba hawakukosea. Tumekuwa watu wa kukipokea kipya kwa vifijo na hoihoi, na kukitupa cha jana kabla hatujakielewa. Leo, msomaji mpendwa, naomba uniruhusu nikusimulie habari za kitu kikuukuu ambacho hakionekani barabarani ila kwa nadra. Nacho ni skuta, ile pikipiki ya magurudumu madogo, yenye bamba la kukinga miguu kwa mbele na sakafu ya kuwekea nyayo. Wazee wetu waliifahamu vyema. Vijana wa siku hizi huiona wakadhani ni mwanasesere.

Sina nia ya kuwashawishi walimu na wanafunzi waende kununua skuta. Nina nia ya kuzungumzia elimu, hasa ile sehemu ya elimu ambayo haiingii kichwani mpaka ipitie mikononi. Na kwa kuwa anayetaka kuwaonya wengine hana budi kujionya mwenyewe kwanza, nitaanza kwa kuungama.

Mnamo mwaka wa 1983 nilikuwa katika kidato cha pili. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Machakos, naye alikuwa na Vespa ya rangi ya kijivu aliyoinunua mkononi mwa mtu mwingine. Kwayo alikwenda kazini, kwayo alileta nyumbani madaftari ya kusahihisha, na kwayo mama alipelekwa zahanati usiku ule aliozaliwa kitindamimba wetu. Ijumaa moja baba alinipa fedha na mtungi, akaniagiza nimletee lita tano za petroli. Kituoni mhudumu aliniuliza, "Na oili je?" Nami, kwa kiburi cha mwanafunzi aliyekuwa ametoka kupata alama zote katika swali la injini, nilimjibu kwamba oili hukaa chini ya injini, haichanganywi na petroli. Mhudumu alinitazama, akanyamaza, akanipa chenji. Chenji ile niliinunulia mandazi.

Jumatatu asubuhi baba alitia petroli ile, akidhani imekwisha kuchanganywa kama ilivyokuwa desturi, akaenda zake. Hakufika mbali. Gurudumu la nyuma lilikwama ghafla, naye akabwagwa kando ya barabara. Alirudi akiisukuma Vespa kwa mikono, suruali imechanika gotini. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Pistoni mpya na kazi ya kuchonga silinda vilihitaji fedha, na fedha zilizokuwapo zilikuwa za karo yangu ya muhula uliofuata. Nilirejea shuleni. Vespa iliingia ghalani, na kuku wakaifanya mahali pa kutagia.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilichokikariri kilikuwa sahihi, ila kilihusu mashine nyingine. Injini ya gari hufanya kazi kwa mipigo minne, na oili yake hukaa katika hodhi lililo chini, ikazungushwa humo tena na tena. Injini ya Vespa za zama hizo ni ya mipigo miwili. Hewa na petroli hupitia kwanza katika chumba kilicho chini ya pistoni, ndipo vikapanda kwenda kuunguzwa. Chumba hicho hakina hodhi la oili. Oili huingia pamoja na petroli, ikalainisha pistoni na beringi njiani, kisha ikaungua na kutoka kama moshi. Kwa Vespa kama ile ya baba, iliyoundwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, kipimo ni asilimia mbili, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kwa lita zangu tano zilihitajika mililita 100 tu, kiasi kisichojaza kikombe cha chai.

Kiasi hicho kidogo kikikosekana, pistoni hupata moto kupita kiasi. Pistoni ni ya aluminiamu, na silinda inayoizunguka ni ya chuma. Mwanafunzi wa fizikia anajua, au anapaswa kujua, kwamba aluminiamu hupanuka takriban mara mbili ya chuma kwa kiasi kile kile cha joto. Basi pistoni hunenepa ndani ya nyumba isiyonenepa sawa nayo, vikashikana, na injini ikasimama papo hapo pamoja na gurudumu. Sura ya kupanuka kwa metali nilikuwa nimeisoma katika kidato cha kwanza. Sura ya injini niliisoma katika kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia kwamba sura hizo mbili hukutana barabarani, na kwamba zikikutana vibaya zinaweza kumwangusha baba yangu.

Baba alifariki mwaka wa 2009. Miaka mitatu baadaye niliiondoa Vespa ghalani, nikaikodishia gari la kubebea mizigo hadi Nairobi, nikamfikishia fundi mmoja mzee wa jua kali niliyeelekezwa kwake. Mzee yule hakuwa na karakana ya kujivunia. Alikuwa na paa la mabati, meza iliyolowa grisi, na makopo ya nati yaliyopangwa kwa ukubwa. Aliifungua injini bila haraka, akaitoa pistoni, akaifuta kwa kitambaa na kuielekeza kwenye mwanga. Ubavu wake ulikuwa na mikwaruzo mirefu kama shamba lililopitiwa na plau.

"Mwanangu," akasema, "hii haikufa kwa uzee. Iliuawa. Kuna mtu aliyeinyima oili."

"Ni mimi, Mzee," nikamjibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno hayo.

Mzee hakucheka wala hakunilaumu. Alinikabidhi spana. "Basi ni wewe utakayeitengeneza. Mimi kazi yangu itakuwa kukuonyesha."

Ilituchukua Jumamosi kumi na moja. Nilijifunza kwamba Vespa ilibuniwa ili ifunguke, na jambo hilo lina historia yake. Katika mji wa Pontedera, mkoani Toscana nchini Italia, kampuni ya Piaggio ilikuwa ikiunda ndege. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kiwanda kilikuwa kimelipuliwa kwa mabomu, barabara zilikuwa mbovu, na wananchi hawakuwa na uwezo wa kununua magari. Enrico Piaggio alitaka chombo cha bei nafuu ambacho mtu yeyote angeweza kukipanda, mwanamume kwa mwanamke. Kazi hiyo alimpa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta, ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Kwake zilikuwa chafu, mnyororo wake uliharibu nguo, na kubadilisha gurudumu lake kulikuwa adhabu.

Kwa kuwa hakuzipenda, D'Ascanio aliuondoa mnyororo na kuiweka injini kando ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele alilishika kwa upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege, ili litoke kwa kufungua nati chache. Gia alizipandisha kwenye usukani, mkono wa kushoto. Badala ya fremu ya mabomba alitumia mabati ya chuma yaliyokunjwa, yakawa bodi na mifupa kwa wakati mmoja. Hati ya kulinda ubunifu huo iliwasilishwa mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 98. Chombo kilipewa jina la Vespa, neno ambalo kwa Kiitalia maana yake ni nyigu, na aliyewahi kumwona nyigu na kiuno chake hatahitaji maelezo zaidi.

Mwaka uliofuata, 1947, kampuni ya Innocenti ya Milano ilitoa mshindani wake, Lambretta, lililopata jina kutokana na mtaa wa Lambrate kilikokuwa kiwanda. Mwaka wa 1948 Piaggio iliichukua Vespa, ikaongeza gurudumu la tatu na sanduku la mizigo, ikaiita Ape, yaani nyuki. Msomaji wa Mombasa asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Tuk-tuk nyingi zinazomvusha kutoka mtaa hadi mtaa ni wajukuu wa nyuki huyo. Na ndugu zetu wa Tanzania wanaposema wamepanda bajaji, wanalitaja jina la kampuni ya India ambayo katika miaka ya 1960 iliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio, kisha mwaka wa 1972 ikaanza kuunda skuta yake iliyoitwa Chetak, jina la farasi wa mfalme Maharana Pratap. Hata pistoni iliyorejesha uhai wa Vespa ya baba ilitoka India, kwa sababu injini za Bajaj za zama hizo ni watoto wa injini za Vespa.

Hapa ndipo linapozuka swali lililonifanya niandike makala haya. Innocenti iliacha kuunda Lambretta mwaka wa 1971. Mitambo yake ilinunuliwa na serikali ya India, na mwaka wa 1972 ikaanzishwa kampuni ya Scooters India huko Lucknow, ambayo nayo hatimaye iliacha kuunda skuta. Kiwanda kilikufa, mrithi wake akaacha, lakini Lambretta zingali zinatembea. Je, zinatembezwa na nini?

Jibu nililipata siku ambayo mzee fundi alinituma kwa kikundi kimoja cha watu wanaokutana Jumapili moja kila mwezi kuendesha skuta zao. Si watu matajiri. Yumo karani, yumo mshona viti, yumo mwanafunzi wa chuo cha ufundi, na kiongozi wetu ni bibi mmoja mwalimu wa fizikia katika shule ya upili, ambaye sote humwita Mwalimu tu. Vikundi vya aina hii si vigeni ulimwenguni. Italia ilikuwa na chama cha kitaifa cha Vespa tangu mwaka wa 1949. Uingereza, skuta zilipata sifa mbaya mwaka wa 1964 pale vijana waliojiita Mods walipopigana na wapinzani wao, Rockers, katika miji ya pwani ya Clacton, Margate na Brighton. Vijana wale sasa ni wazee, na kila mwezi Agosti maelfu ya wapenzi wa skuta huvuka maji kwenda kukutana katika kisiwa cha Wight. Mnamo Aprili 2024 maelfu ya Vespa kutoka nchi nyingi zilirudi Pontedera kusalimia mahali zilipozaliwa. Sisi wa Nairobi tu watu saba tu, Vespa tano na Lambretta mbili.

Safari yetu niipendayo ni ile ya kutoka Nairobi kupitia Limuru hadi Mai Mahiu, kilomita zipatazo 50. Kanuni zetu ni chache na hazivunjwi. Mwenye skuta dhaifu ndiye hutangulia, ili mwendo wa wote uwe mwendo wake. Hatupandi sambamba, bali mmoja kulia na mwingine nyuma yake kushoto, ili kila mtu aone mbele na awe na nafasi ya kusimama. Wa mwisho huitwa mkia, na mkia ndiye hubeba vifaa: spana, bisibisi, koleo, plagi, balbu, waya za klachi na za gia, gurudumu la akiba na chupa ya oili. Hapana skuta inayoachwa nyuma ya mkia. Mmoja akisimama, wote husimama.

Mara ya kwanza nilipokwenda nao, skuta yangu ilianza kukohoa tulipokaribia Limuru. Nilikuwa nimewekewa kabureta iliyotoka kwenye skuta ya Mombasa. Mwalimu alinisimamisha, akaitoa plagi na kunionyesha ncha yake, nyeusi tititi kama sufuria ya kuni.

"Mwalimu mwenzangu," akaniuliza, "Nairobi iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari?"

"Takriban 1,700."

"Na Limuru?"

"Inapita 2,200."

"Basi hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kijitobo cha kabureta yako kilipimwa pwani. Petroli ni ile ile, hewa imepungua. Injini yako imevimbiwa."

Alichomoa kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu, akakitia kingine chenye tundu dogo zaidi, na skuta ikaacha kukohoa. Katika maisha yangu nimefundisha habari za kanieneo ya hewa nisiweze kuhesabu mara ngapi. Siku hiyo ndipo nilipoisikia kwa masikio.

Lakini somo lililonitia jasho lilikuwa mbele. Kabla ya kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, Mwalimu alitukusanya na kutukumbusha jambo ambalo mwendesha gari hahitaji kulijua. Katika mteremko mrefu mtu hupenda kufunga petroli na kuiacha injini imshike kasi. Katika injini ya mipigo miwili, ukifunga petroli umefunga na oili, kwa kuwa huja pamoja. Pistoni inaendelea kupanda na kushuka kwa kasi ilhali hailainishwi. Kwa hiyo, baada ya kila kitambo, fungua petroli kidogo, uinyweshe injini, kisha ufunge tena. Wenzangu waliitikia kwa kichwa. Mimi nilishindwa kuitikia, kwa maana nilikuwa nikimwona baba kando ya barabara, miaka hiyo yote nyuma, suruali imechanika.

Tuliteremka polepole, tukipisha malori. Chini kabisa, kando ya barabara, kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na Waitalia waliokuwa mateka wa vita, wakati walipokuwa wakifanyishwa kazi ya kujenga barabara hiyo. Huwa tunapumzika hapo. Ni ajabu kufikiri kwamba vita vile vile vilivyowaleta wanaume hao kuvunja mawe katika Bonde la Ufa ndivyo vilivyobomoa kiwanda cha Pontedera na kumlazimisha mhandisi wa ndege abuni skuta. Kazi ya mikono yao ingali imesimama, na kazi ya mikono ya wenzao waliobaki nyumbani tulikuwa tumeiegesha nje, ikipoa.

Wakati wa kupanda kurudi, waya wangu wa klachi ulikatika. Mkia, yule kijana wa chuo cha ufundi, alifika akashuka. Nilitarajia aniambie nikae pembeni. Badala yake alifungua mkoba, akanipa waya mpya na tochi, akasema, "Mzee, fanya wewe. Nikikufanyia leo, mwezi ujao utanihitaji tena." Nilifanya mimi, kwa vidole vinavyotetemeka, naye akinielekeza. Vijana wa boda boda walisimama kutazama. Mmoja aliuliza Vespa ni ya mwaka gani, na alipojibiwa kuwa inamzidi umri kwa zaidi ya miaka 30, alivua kofia yake ya chuma akacheka kwa mshangao, kisha akakishika kioo cha taa ili kimulike ndani ya usukani.

Sasa nadhani, msomaji, umekwisha kuliona jibu la swali langu. Lambretta na Vespa za kale hazitembezwi na viwanda vyake. Zinatembezwa na desturi ya watu kukutana, kuziendesha pamoja, kuharibikiwa pamoja, na kukabidhiana ujuzi njiani. Ujuzi uliomo katika kichwa cha fundi mmoja hufa siku anayozikwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kitabu cha maelekezo ni kizuri, ninacho, lakini kitabu hakikuambii kwamba umevimbiwa.

Wala matunzo yenyewe si uchawi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika skuta nyufa zinajulikana. Plagi hutolewa na kusomwa kama mwalimu asomavyo uso wa mwanafunzi: ikiwa na rangi ya kahawia mambo ni shwari, ikiwa nyeusi petroli au oili imezidi, ikiwa nyeupe injini inapata moto na hatari iko karibu. Oili ya giabokisi, robo lita tu, hubadilishwa kwa wakati wake. Masizi hukwanguliwa kwenye kichwa cha silinda na kwenye ekzosi. Waya hupakwa grisi kabla hazijalia. Gurudumu huundwa kwa vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na asiyejua akizilegeza nati hizo kabla ya kutoa upepo, rimu inaweza kufyatuka na kumjeruhi. Na kwa kuwa bodi ya Vespa ndiyo mifupa yake, kutu ya sakafuni si suala la urembo. Wenzetu wa pwani, wanaoishi na chumvi ya bahari, wanalijua hilo kuliko sisi wa bara.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wasio na kazi, na tena kwamba skuta hizi hutoa moshi mchafu. Kuhusu moshi, sina utetezi. Injini inayounguza oili yake haiwezi kuwa safi, na sitamshauri mtu yeyote aitumie kila siku katika jiji lililokwisha kushiba moshi. Njia ya kesho ni nyingine. Hata jina la Chetak limerudi sokoni, tangu mwaka wa 2020, likiwa juu ya skuta ya umeme, na Nairobi boda boda za umeme zimekwisha kuanza kupita kimya kimya kando yetu. Nazipokea kwa mikono miwili. Ninachouliza ni hiki: nani miongoni mwa wanafunzi wetu ataweza kuzifungua? Betri nayo ina namna yake ya kunyimwa oili. Tukiwalea watoto wanaojua kutaja sehemu za mashine bila kujua sehemu moja inaihitaji nyingine kwa nini, tutabaki watu wa kununua, kuharibu na kutupa.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikuja na ahadi ya kazi za mikono. Walimu wenzangu wanakumbuka yaliyotokea katika shule nyingi zisizokuwa na karakana: wanafunzi walikariri majina na matumizi ya randa, patasi na jiriwa ambazo hawakupata kuzishika. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, na sasa tuna mtaala wa umilisi, wenye ahadi inayofanana na ile. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ahadi haitatimizwa na jina jipya la mtaala. Itatimizwa na mwalimu atakayeomba injini moja mbovu kutoka gereji ya jirani, akaiweka mezani, akamwalika fundi wa jua kali aje aonyeshe, na akaacha kuuliza "taja" ili aulize "nini kitatokea iwapo".

Injini hiyo moja ingetosha masomo mengi. Silinda ya Vespa ya baba ina kipenyo cha milimita 57, na pistoni husafiri milimita 57. Mwanafunzi apige hesabu. Atapata sentimita za ujazo 145 na ushei, na atagundua kwamba ile namba 150 iliyoandikwa kwenye hati ni ya kukadiria. Hapo amejifunza hisabati, na amejifunza pia kutoamini kila kilichoandikwa.

Nimalizie pale nilipoanzia. Vespa za zama hizo zina kisanduku cha vifaa katika shavu la kushoto. Siku tuliyokifungua kwa mara ya kwanza katika karakana ya mzee fundi, tulikuta humo kopo dogo la kupimia oili na daftari la mazoezi, la aina waliyopewa wanafunzi wa shule za msingi. Baba alikuwa ameandika ndani yake, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, kila kitu alichoitendea Vespa yake: siku aliyobadilisha plagi, siku aliyopaka waya grisi, kilomita zilizosomeka. Nililipekua hadi ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Chini ya tarehe ya Jumatatu ile ya mwaka wa 1983 palikuwa na mistari miwili.

"Injini imeshika. Petroli bila oili. Kosa ni langu: nilimtuma mtoto, sikumwonyesha."

Alijua. Alijua siku ile ile, akalibeba kosa hilo mwenyewe, kama mwalimu. Daftari lile sasa ninalo, nami nimeendelea kuandika pale alipoachia. Jumapili iliyopita niliandika tarehe, kilomita, na mililita 100. Karibu yangu alikuwa amesimama binti yangu, aliye kidato cha pili, ameshika lile kopo la kupimia. Ni yeye aliyemimina.